Isale Lina Kazi Mbili

Nimelikuta alfajiri, Aikaeli,
limefungwa fundo, limechomekwa kwenye komeo la geti,
bado lina umande wa Uru.
Hukuacha barua. Isale halihitaji barua.
Aliyezaliwa huku anajua: likija, hulikatai,
hata kama mkono uliolileta ndio ule ule
uliosaini.

Najua pia kwa nini limekuja leo.
Jana tulifungua sanduku la zabuni,
lile la bati la kijani, kufuli mbili,
ufunguo mmoja kwa mhasibu, mmoja kwangu.
Bahasha ya saba: Kampuni ya Neema Mpya, Moshi.
Ina miezi minne. Mkurugenzi ni mdogo wa mkeo,
yule kijana anayeuza vocha karibu na stendi,
ambaye ukimuuliza nondo ya milimita kumi na mbili
atakuuliza ni ya mtandao gani.
Kampuni ina miezi minne,
lakini sanduku lake la posta lina miaka kumi na tisa.
Nimeliandika mwenyewe juu ya bahasha za halmashauri
mara ngapi, Aikaeli,
nikikukumbusha mfereji.

Saruji mifuko mia tatu kwenye karatasi,
tisini kwenye mfereji,
na muhuri wa mhandisi uliochongwa Mbuyuni
kwenye soli ya kandambili.
Masika ya kwanza tu, ukuta ukaachia.
Migomba ya Mama Ndeshukurwa ilikauka imesimama.
Ng'ombe wake wa ndani akamuuza Kiboriloni
kwa bei ya mbuzi.

Hakimu alisema miaka miwili au faini.
Ulilipa siku hiyo hiyo, noti mpya zisizokunjwa,
na sote pale mahakamani tulijua
zimetiririka kutoka mfereji gani.

Utasema: nimeshaadhibiwa.
Utasema: nina watoto, mtu asife kwa kosa moja.
Sawa. Nani kakuzuia kujenga?
Jengea tajiri wa Shanty Town
atakayesimama juani akihesabu mifuko kwa kidole.
Lakini hivi ni vyoo vya shule ya msingi.
Pesa ya vyoo haina mtu wa kuisimamia juani;
mwenyewe yuko darasa la kwanza,
anajifunza kuhesabu mpaka mia.

Na mimi si malaika.
Hati ya kukamilika kwa kazi niliipokea mimi.
Muhuri ulikuwa umelala upande,
unanuka mpira.
Niliuona.
Ilikuwa saa tisa na nusu, gari la Uru huondoka saa kumi,
nikaiweka kwenye faili, nikafunga droo,
nikawahi siti ya dirishani.
Hakuna aliyeniletea isale kwa hilo,
wala mimi sijampelekea Mama Ndeshukurwa.

Kwa hiyo nimelipokea.
Fundo nimelifungua kwa meno, maana ulilikaza.
Sina kinyongo. Ukifiwa nitakuja na mkungu,
Krismasi tukikutana kwenye nyama
nitakusogezea kata ya mbege kabla hujaomba.
Ila kesho bodi inakaa,
na kwenye kumbukumbu za kikao nitaandika jina lako lote,
na la shemeji yako,
na namba ya sanduku la posta,
na ile hukumu, tarehe na mwaka,
na chini yake: asipewe.
Mkono utatetemeka. Mwandiko utasomeka.

Halafu jioni nitapita kwa Mama Ndeshukurwa.
Sijui nitaanzia wapi.

Shina la isale lako nimelipanda mpakani,
pale kihamba changu kinapokoma na cha jirani kuanza.
Litashika. Masale hayachagui udongo.
Ni jani hilo hilo, Aikaeli,
tunaloombea radhi
na tunaloonyeshea mwisho wa shamba.