Isale kwa Afisa Uhamiaji

Fomu inauliza: Unamfahamu mwombaji?
Kwa muda gani?
Kisanduku cha jibu hakizidi upana wa kidole gumba.

Nzeyimana alifika Uru mwaka ule vuli ilipokataa,
na jembe la kuazima, na kandambili za rangi mbili.
Alilala juu ya banda la mbuzi la marehemu mume wangu.
Asubuhi aliukuta mfongo umeziba, akauzibua.
Hakutumwa na mtu.

Hiyo ni miaka kumi na tisa.
Andika basi: kumi na tisa. Kalamu inakwama.

Maana mimi ni mwenyekiti wa kitongoji,
nimeapa, nimekabidhiwa muhuri,
na semina tulipewa, pamoja na soda:
mgeni asiye na kibali, toa taarifa.
Miaka yote hiyo sikutoa taarifa.
Nilitoa ndizi. Nilitoa chumvi.
Binti yake, Keza, nilimpokea kwa mikono hii
usiku gari la wagonjwa lilipokwama topeni, chini ya kanisa.

Desemba wanakuja wenyeji.
Magari yanapanda moja nyuma ya jingine,
wanachinja, wanakagua mipaka ya vihamba,
wanauliza, "Huyu bado yupo?"
Siku ya kumi wanashuka, migomba inabaki na vumbi lao.
Mwenye siku kumi ni mwenyeji,
mwenye miaka kumi na tisa ni mgeni.
Hesabu hii nimeijaribu kwa vidole, nimeijaribu kwa punje za mahindi.
Haikubali.

Shemeji yangu Ndetaulwa ana hoja, na sitaki kumdhihaki:
"Aikande, ukimfungulia mmoja umelifungulia lori zima.
Ardhi yenyewe hii, vijana wetu wanagawana kwa hatua.
Na yule aliyepanga foleni, akalipa ada, akasubiri,
utamwambia nini?"
Sikuwa na la kumwambia.
Nikamwongezea mbege, kata ikajaa, tukanyamaza.

Mwanangu Ombeni yuko ughaibuni mwaka wa nane.
Anaogesha wazee wa watu.
Baba yake alipokufa alilia kwenye simu, hakuja.
Sijamuuliza habari za karatasi. Mama haulizi.
Kaburi alichimba Nzeyimana,
akazinyoosha kingo zake kwa kiganja
kama anayetandika kitanda.

Sasa laini yake ya simu imefungwa, hana namba ya NIDA.
Keza amefaulu, shule inadai uthibitisho
kwamba alizaliwa.

Kosa lipo. Yeye alivuka mpaka gizani,
mimi nikanyamaza mchana.
Lakini huku kwetu mkosaji haji mikono mitupu.
Anakuja na jani la isale,
lile lile tunalopanda mpakani
kusema hapa ni pako, hapa ni pangu.
Ukiletewa isale unaweza kudai mbuzi,
unaweza kudai debe la mbege
na kumsema hadi ukoo mzima uiname;
kumfukuza, huwezi.

Kwa hiyo, Afisa, mtoze.
Mtoze mbuzi wa Serikali, na mimi nitoze wangu.
Ndani ya bahasha, nyuma ya fomu, utakuta jani.
Sijui kama Serikali ina mkono wa kupokelea jani.

Pedi ya wino imekauka. Nimeitia tone la maji ya mfongo.
Muhuri umetoka hafifu, umekwenda upande,
umeligusa na jina lake.

Keza yuko mlangoni, viatu mkononi.
Anataka kushuka Moshi kwa miguu
afike kabla dirisha halijafunguliwa.