Orodha ya Kukana

Elfu nne mia mbili na kumi na saba.
Ndivyo viungo alivyoniletea Masalu, mkwe wa Mama Nyamizi,
kwenye flashi ya kijani iliyonuka dagaa,
kifua mbele, kama mtu aliyevuna.
"Wote hawa wanatutaja," akasema. "Mbona wateja hawaji?"

Ofisi yangu ni chumba nyuma ya duka la nyavu, Kirumba.
Dirishani, jiwe juu ya jiwe, nyumba zimepanda kilima
bila kumwuliza mtu.
Nikafungua jedwali, nikasoma moja moja,
kama mjomba aliyetumwa kukagua ng'ombe wa mahari:
huyu mzima,
huyu ameazimwa kwa jirani,
huyu kapakwa mafuta ang'ae leo tu.

Cha kwanza: nyumba ya kamari, nchi siijui.
Cha pili: dawa ya kukuza nywele.
Cha tatu mpaka cha mia tisa: ukurasa mmoja
uliobadili kanzu mara mia tisa,
na kila kanzu inatamka yale yale,
dagaa bora Mwanza bei nafuu, dagaa bora Mwanza bei nafuu,
kama mashahidi waliofundishwa usiku
wakasahau kutofautiana.

Mtu akikutaja kwa moyo, hukutaja kombo:
"yule mama wa Mwaloni, dagaa wake hawana mchanga."
Hapo naamini.
Mchanga hautungwi.

Masalu hakuelewa. Nikamwonyesha ziwa.
Magugu maji yalikuwa yameingia ghubani tangu Jumatatu,
kijani kibichi, ekari kwa ekari;
ukiyatazama toka mlimani utasema shamba.
"Pale utavuna nini?"
Akacheka kwa pua.
"Na mtumbwi ukitaka kupita?"
Hapo hakucheka.

Nilitaka kumwambia pia kwamba kiungo
ni bizari, na ni goti:
ukizidisha, mchuzi hauliki,
kikiteguka, mwili mzima unachechemea.
Lakini alikuwa anatazama saa.

Mstari wa elfu mbili mia tatu na sita
nikakutana na mkono wangu mwenyewe.
"Mapishi ya Bibi Ng'washi."
Nilimtunga mimi, miaka mitatu nyuma, Mabatini,
kwenye chumba cha Rweyongeza,
shilingi mia mbili kwa kiungo,
chai ya rangi, umeme wa kukatika.
Bibi Ng'washi hakuwahi kuzaliwa.
Picha yake niliiokota, mapishi niliyanakili,
hata chumvi sikuionja.
Jana kasifu matairi, juzi mikopo,
leo amepangishwa kumsifu Mama Nyamizi.
Anatabasamu. Halipwi. Hafi.

Feni ikasimama. Luku imekwisha.
"Kuna nini?" Masalu akauliza.
"Huyu namjua," nikasema. "Mwongo."
Sikusema namjuaje.

Mpaka jioni vilibaki tisa.
Kimoja chatoka Ukara, kwa mwalimu Mazigo,
aliyeandika juu ya uji wa watoto wa shule
na katikati, bila mbwembwe,
akataja anakonunua dagaa wa kusaga.
Ukurasa wenyewe mzito kufunguka, picha zimelala ubavu,
kipimo changu kinaupa alama tatu kwa mia.
Ila watu kumi na wanne wamepitia pale mwezi huu,
mmoja akaagiza magunia sita.

"Huyo tulimlipa ngapi?"
"Hamkumlipa."
Masalu akaomba kalamu,
akaandika jina la mwalimu kiganjani
kwa herufi kubwa, akaondoka ameufumba mkono.

Nikabaki na betri kidogo
na orodha ya kukana, elfu nne mia mbili na nane.
Bibi Ng'washi nilimweka wa mwisho.
Nikamtazama. Shanga zake nzuri.
Kisha nikabonyeza.