Benchi la Karibu na Mlango

Kalamu nyekundu ilikuwa yangu.
Nasema mapema, msije mkaitafuta kwa mwingine.
Mimi ndimi niliyekuwa karani wa kanisa pale juu Mbale
mwaka ule wa mabati,
nikaandika: "Rebeka Kageha, mweka hazina,
shilingi elfu kumi na mbili na mia nne, hazionekani."
Nikapiga mstari chini yake. Kisha wa pili,
kwa rula.

Jumapili nikasoma mbele ya watu.
Sauti yangu ilikuwa nzuri siku hiyo, Mungu anisamehe.
Hakuna aliyeuliza fedha zilikwenda wapi.
Tulijua. Mtoto wake alilazwa Kisumu,
kifua, wiki tatu,
na risiti za dawa alizifunga kwenye pindo la leso
mahali pa sadaka.
Tulijua, tukaita wizi.
Wizi ni neno fupi, linatosha kwenye mstari wa daftari.

Kwetu ardhi ni mawe.
Chimba choo, jiwe. Palilia mahindi, jembe linalia juu ya jiwe.
Mtoto akitaka la kumrushia kunguru
hainami mara mbili.
Nasi hatukuinama mara mbili.

Akahamishiwa benchi la nyuma, la karibu na mlango,
wanapokaa walio chini ya nidhamu:
wasichana waliopata mimba, Asava wa chang'aa,
mzee mmoja aliyeongeza mke.
Mezani pa Bwana hawafiki. Kwaya hawaimbi.
Na mabati, kwa kuwa fedha zilipungua,
yaliishia safu moja kabla ya benchi hilo.
Mvua ilikuwa na njia yake pale.
Sikuona ubaya. Niliona hesabu.

Miaka minne
aliniletea sarafu ndani ya mkebe wa Kimbo,
sarafu za mrenda na kunde, zikinuka udongo.
Nilihesabu akiwa amesimama.
Kiti kilikuwepo.

Kisha Machi hii, usiku, kule Kondele,
polisi wakamkuta mwanangu Elphas ndani ya duka la mtu.
Habari ilifika kijijini kabla simu yangu haijalia.
Wazee wa kanisa walipita njiani
wakiyatazama mahindi ya jirani
kana kwamba yameanza kusema.
Mchungaji alituma ujumbe: tuko pamoja katika maombi.
Tulifunga mlango mchana.
Nilijua sentensi itakayofuata,
mkono wangu umeizoea.

Jioni mtu alibisha.
Kageha. Pakiti ya unga, sukari robo, kuni kichwani.
Hakuuliza kijana alivunja nini.
Hakusema Mungu ana makusudi yake.
Alipiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza,
moshi ukamwingia machoni, akasema,
"Tangu asubuhi hamjatia kitu kinywani, sivyo?"

Nililia. Ule moshi ulikuwa mkali.

Wakati wa kuondoka nilimwambia deni nimelifuta,
zile elfu mbili na mia moja zilizobaki.
Akacheka kidogo, akitafuta kiatu gizani.
"Usifute. Hayo ni mabati,
na mimi ndiye nanyeshewa."

Sina mengine ya kuwahubiria.
Najua tu kwamba miaka yote hiyo
nilisali tusamehe kama tunavyosamehe,
kila Jumapili, kwa sauti ya karani,
bila kusikia nilichokuwa nikiomba.

Jumapili iliyofuata mvua ilianza katikati ya sala.
Daftari niliacha mezani, na kalamu juu yake.
Nikatembea kuelekea nyuma, viatu vikipiga kelele,
watu wakigeuza shingo mmoja mmoja.
Asava alinitazama kama mtu aliyepotea njia.
Kageha hakunitazama.
Alijisogeza tu,
akaenda upande wa matone,
akaniachia pakavu.