Rula ya Mto Rau

Saa kumi na mbili na robo, kila siku ya Mungu,
nashuka ukingoni na daftari la kijani,
kalamu nimeifunga kwa uzi shingoni
tangu ile ya kwanza ichukuliwe na mto.
Nasoma rula ya bati iliyopigiliwa darajani.
Thelathini na nane.
Naandika thelathini na nane.

Juzi alikuja Eliufoo wa mifongo ya juu
na mkungu wa mshare begani.
"Mama Aikaruwa, ukiandika hivyo
wa bondeni watasema tunawanyonya.
Weka hamsini. Mto hautakushtaki."

Jana akapiga simu mtu wa mkoa wa pili,
sauti ya kiyoyozi:
"Andika ishirini, mama. Wakiona ishirini
bwawa letu litapita kabla ya bajeti."

Ndizi nilizirudisha. Chane moja ilibaki, sifichi;
wajukuu walikuwa wamekwisha kuichoma.

Kikao kikakaa hapa Moshi, ukumbi wa ghorofani,
mikoa mitatu, meza tatu, maua ya plastiki.
Mheshimiwa wetu: mvua inanyesha kwetu.
Mheshimiwa wao: mpunga unakauka kwetu.
Mhandisi akakunjua ramani, bwawa la buluu
likilala vizuri, limepakwa bila kutoka nje ya mstari,
juu ya kaburi la shemeji yangu
na mashine ya kukoboa ya Mbonea.
Hakuna aliyeuliza chini ya ile buluu kuna nini.

Nikaitwa nisome tarakimu.
Lakini usiku nilikuwa nimejumlisha vibali,
vya mifongo, vya miwa, vya mabomba ya mji,
vya bwawa ambalo bado ni rangi,
vyote halali, vyote vimetiwa sahihi,
na jumla yake ni mito miwili na ushei.
Nikasema hivyo.
Mtu akakohoa. Mtu akafungua chupa ya maji,
ikalia *tss* ukumbi mzima.

Shuleni tuliimbishwa: maji hufuata mkondo.
Walimu wangu hawakuwahi kuona muhuri.

Azimio lilipatikana kabla ya chakula cha mchana,
mikoa yote mitatu, kwa kauli moja, kwa makofi:
rula ni ya kizamani, ing'olewe.
Utaletwa mtambo, utatuma tarakimu kwa simu,
na mimi nitapewa cheti na kanga.

Leo nimeshuka hata hivyo.
Rula wameing'oa, yamebaki matundu ya misumari.
Nimevua viatu, nikaingia.
Maji yamefika chini kidogo ya kovu la goti,
pale ambapo jana yaligusa kovu lenyewe.
Nimeandika: chini ya kovu.