Kifundo cha Pili Toka Mwisho

Ingunn wa Norwei, mkasi mkononi,
aliniuliza neno hukatwa wapi.
Tulikuwa Hombolo, mwezi wa nane, mizabibu imelala.
Nikamwambia: kata juu ya kifundo, usikate kifundo.
Akakata. Akasema: za, bi, bu.

Ila aliniita BIbishamba,
neno zima kalibwaga kichwani
kama gunia lililobebwa na mtu mmoja.
Kwao, alieleza, maneno mawili yakioana
la kwanza hubaki na sauti,
la pili hunong'ona.

Kwetu, nikasema, bibi atangulie, bwana atangulie,
uzito humpita ukatua shambani.
Bibi-SHA-mba. Hapo.
Sogodi, mwenye mistari minne na deni la dawa,
akacheka kutoka mferejini:
"Na mshahara je, hutua wapi?"

Jioni akaja na *mwananchi*, limemshinda.
Hii n, ni ya mwana au ya nchi?
Na nani kati yao anamwegemea mwenzake?
Nilifungua mdomo, nikaufunga.
Nimelitamka tangu utoto, kwenye gwaride, kwenye foleni ya maji,
sikuwahi kutazama chini yake.

Siku ya kuondoka, stesheni, alisema do-DO-ma,
polepole,
nikasikia jina likizama katikati,
kama Kigogo kilivyoliacha: imezama.
Kisha ma, nyepesi,
kijiti kilichobaki juu ya kifundo.