Foleni ya Itega

Leo Hombolo hakuna pa kuegesha gari.
Wenye miwani nyeusi wameketi turubai la kwanza,
wenye kamera wanakanyaga matuta ya mizabibu ya watu,
na mshereheshaji (ndiyo, msiba una mshereheshaji)
anasoma wasifu: tuzo mbili, filamu kumi na moja,
matangazo ya sabuni, ya simu, ya godoro.
Kisha anasema, "Aliugua kwa muda mfupi."

Muda mfupi.
Mimi nilisimama nyuma yake miaka miwili na miezi minne,
kila siku ya Mungu, Krismasi na Idi zikiwemo,
saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
upepo wa Julai ukitutia mchanga kwenye meno,
mgongo ukutani, kila mtu na namba yake.

Pale hakuwa Bwana Zabibu. Hakuwa hata Elieza.
Nesi alifungua kidirisha, akaita, "Mia na kumi na mbili,"
naye akajongea, akavua kofia, akanywa.
Ukishameza lazima useme neno,
ijulikane hujaficha dawa shavuni ukaiuze.
Sisi tulisema asante.
Yeye alisema stesheni.

Kilosa.
Kesho yake, Kidete.
Godegode. Gulwe, hapo alitabasamu:
baba yake alipigilia mataruma Gulwe.
Msagali. Igandu.
Kikombo, na nesi akajibu, "Kikombe umeshamaliza, pita,"
foleni nzima ikacheka,
na hiyo ndiyo mara pekee nilimwona akichekeshwa na mtu.
Ihumwa. Dodoma.
Halafu anarudi Kilosa, anaanza upya.

Nchi nzima inakumbuka alivyoigiza teja:
ule mwendo wa kuvunja magoti,
kujikuna shingo, kusinzia akiwa wima na chapati mkononi.
Tulicheka hadi tukalia, hata mimi,
nikiwa na kete mfukoni, nimekaa giza la nyuma.
Wakampa tuzo kwa kuigiza.

Wanasema alichezea bahati.
Sijui. Nilichokiona ni mtu aliyekuja kwa miguu toka Chang'ombe
siku gari lilipouzwa,
na siku nyingine akiwa na homa, amejifunga shuka la mama yake,
na siku ile watoto wa shule walimtambua,
wakamwomba achekeshe, akawachekesha,
namba yake ikaitwa mara tatu.

Mwezi uliopita alisema, "Ihumwa."
Nikamwambia, kesho umefika.
Akasema kesho yuko Dar, siku tatu tu, tangazo la rangi za nyumba.
Hakusema zaidi. Sikuuliza zaidi.
Hilo nalibeba mwenyewe, halimo kwenye wasifu.

Leo alfajiri, kabla ya basi la Hombolo, nilipanga foleni.
Nesi, kwa mazoea, akaita mia na kumi na mbili.
Hakuna aliyejongea. Hakuna aliyekohoa.
Akafuta kitu daftarini, akakifuta tena.
Mia na kumi na tatu.
Nilimeza. Neno lilikuwa tayari kinywani,
stesheni moja tu iliyobaki.
Nikasema asante.

Kwenye daftari la rambirambi kuna safu tatu:
jina, kiasi, uhusiano.
Nimeandika elfu tatu.
Uhusiano nimeacha wazi, kijana wa daftari akaguna.

Ndani, mama yake amekaa mkekani, miguu ameinyoosha.
"Mbukwenyi," nikamwamkia.
Akanishika kiganja, akakigeuza,
akalitazama shati langu la mikono mirefu kwenye jua hili.
"Nawe unakunywa kule?"
"Nakunywa, mama."
"Kila siku?"
"Kila siku."
Nje mshereheshaji anajaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili.
"Basi usilale matanga," akasema.
"Basi la mwisho ni saa kumi. Kesho uwahi."