Dakika Nne

Ninazo kumi na moja katika kopo la biskuti,
zimelala juu ya pamba kama vifaranga.
Kila moja imechanjwa mgongoni namba ya mtu
na maneno MALI YA KAMPUNI,
maana hazikuwa zawadi. Uliazimwa saa
kama ulivyoazimwa koti na kofia,
na siku ya kuacha kazi unarudisha vyote, unatia sahihi.

Hawakurudisha. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Hii ya rubani aliyeiacha Watamu kwa deni la baa.
Hii ya mhudumu wa kike, mkanda mwembamba,
ndani ya ngozi mngali na harufu ya poda.
Hii ilifika na mshale wa tatu, mwekundu,
wa kufuatia saa za Ulaya.
Fundi Karisa, pale kibandani kwake Malindi, nyuma ya soko,
alicheka hadi lenzi ikamtoka jichoni:
"Wa nini huu? Sisi tumezaliwa na saa mbili.
Mshale unasema tisa, mdomo unasema tatu,
na chai inanywewa wakati wake."

Ya kumi na mbili ililetwa Jumanne,
imefungwa kwenye pindo la leso.
Bi Batuli wa Maweni. Saa ya marehemu babake,
Lali Shekuwe, miaka ishirini
akigawa chai juu ya mawingu.
Namba 0417. Kioo kimepasuka utandu wa buibui.

Mate yakanijaa. Nikataja bei.
Nikapandisha. Nikapandisha tena,
kichwani nimeshauza pikipiki.

Akasema, "Kioo tu."

Karisa akaitega sikio.
"Mama, inakimbia. Dakika nne. Niirudishe nyuma?"

"Usiiguse.
Baba alisema ndege haimngojei mtu,
basi nyumba yake itangulie.
Nimesoma kwa dakika nne hizo,
nimeolewa kwa dakika nne hizo.
Ramadhani tu ndiyo ilikuwa taabu:
saa imefika, tende mkononi, muadhini kimya,
na yeye anatutazama, anacheka chini chini."

Nikajaribu la mwisho, na haya sina:
lakini imeandikwa mali ya kampuni.

"Barua yao ya kuidai ilifika
wiki ileile walipofunga milango.
Baba aliisoma mara mbili, akaifanya kawa ya mtungi.
Wewe nenda kaitafute kampuni.
Ukiipata hai, nitairudisha."

Akaivaa. Mkanda wa mwanamume, mkono wa mwanamke:
saa ikateleza, ikageuka, ikatazama chini.
Akalipa mia tatu za kioo, akashika njia,
akitutangulia sote.

Usiku nikafungua daftari langu.
Kumi na mbili. 0417. Kioo kipya.
Kwenye safu ya mahali nikaandika: Maweni.
Kwenye safu ya hali,
ambako juu kote nimejaza imesimama, imesimama,
kalamu ikangoja kidogo,
kisha nikaandika: inakwenda.